Kichwa Kinauma: Mbu na Presha Katika Mimba ya Kwanza

Huku Mafubira, pembeni mwa Jinja, mtu akisema kichwa kinauma, jibu ni moja tu: malaria. Sisi tuliotoka Kongo tulikuja na jibu hilohilo. Dada yangu alipokuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, kichwa kilimuuma siku tatu na uso ukavimba. Tukamnunulia dawa ya malaria dukani. Hakuna aliyempima presha, na sisi hatukuuliza. Usiku wa nne akaanguka, mwili ukawa unatingishika. Jirani mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema malaria imepanda kichwani. Kumbe kilikuwa kifafa cha mimba. Hospitalini walimchoma magnesiamu, akapona. Mtoto hakupona.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya magonjwa haya mawili, kwa sababu nilitaka kujua tulikosea wapi.

Mwaka 1896, daktari wa Italia aitwaye Scipione Riva-Rocci alitengeneza kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Agosti 1897, Ronald Ross akiwa India aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka huohuo wa 1897, Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala. Basi vitu ambavyo dada yangu alivihitaji vina zaidi ya miaka mia moja. Shida ni kwamba vilipita njia mbili. Malaria tuliijua kama ugonjwa wa kila mtu. Presha tukaiona ugonjwa wa wazee na watu wanene, siyo wa msichana wa miaka kumi na tisa.

Lakini magonjwa haya yanakutana. Yote mawili hupenda mimba ya kwanza. Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, na mama anaweza asisikie homa kabisa. Presha ya mimba nayo huanzia kwenye kondo hilohilo. Mwaka 2006, watafiti waliofanya kazi Muheza, mkoa wa Tanga, walichapisha matokeo yao: kwa wasichana wenye mimba ya kwanza, malaria ya kondo ilifuatana na presha kupanda. Siyo kwamba kila presha inaletwa na mbu, hapana. Ila mwenye malaria anaweza kuwa na presha pia, na kutibu moja hakumalizi nyingine.

Jibu lingine lilitoka karibu na sisi, Tororo. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyofanywa huko na wanawake wajawazito 300. Waliomeza SP, ile wengi wanayoiita Fansidar, nusu yao walikutwa na dalili za malaria kwenye kondo. Waliopewa dawa mpya ya mchanganyiko kila mwezi walikuwa asilimia 27. Na kuhusu kifafa cha mimba, utafiti mkubwa wa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu inapunguza hatari yake kwa zaidi ya nusu. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachochelewa ni kujua nani anaihitaji.

Sasa kila Jumamosi nikikutana na vijana wetu, naongea na wasichana na wavulana pamoja, maana mume ndiye mara nyingi anayetumwa dukani. Nawaambia: mjamzito akilalamika kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maumivu chini ya kifua, msiende dukani. Nendeni hospitali, mkaombe vipimo viwili, damu kwa malaria na presha. Ikifika 140 kwa 90, hiyo siyo ya kurudi nayo nyumbani kulala.

Dada yangu ana mimba tena. Juzi tulienda kliniki pamoja. Muuguzi alipoandika namba kwenye kadi, dada hakuikunja. Alinipa kwanza niisome.