Bingwa wa Gitaa: Ubishi Uliotoka Katanga Ukafika Pwani

Kati ya Kinshasa na Mombasa, swali la nani mpiga gitaa bora kuliko wote limebishaniwa tangu miaka ya 1950. Majina yanayorudi ni yale yale: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Franco Luambo Makiadi na Daktari Nico Kasanda wa Kinshasa, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, na baadaye Diblo Dibala aliyevuma akiwa Paris. Ubishi huo haujapata mshindi, na sababu kubwa ni kwamba kazi yenyewe ya mpiga gitaa haikutulia mahali pamoja. Aliyesifiwa mwaka 1952 alikuwa mtu mmoja na gitaa lake moja. Aliyesifiwa mwaka 1965 alikuwa na wenzake wa kumshikia mdundo. Aliyesifiwa mwaka 1985 alipimwa kwa kasi ya vidole. Kipimo kilihama, na kila kizazi kikabaki na bingwa wake.

Gitaa liliingia Kongo kwa njia ya bahari. Mabaharia na vibarua wa Afrika Magharibi, wakiwamo Wakru wa Liberia, walifika Matadi, mahali reli ya kwenda Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ilipoanzia, wakiwa na mtindo wa kupiga nyuzi kwa vidole viwili tu. Kusini-mashariki ya nchi, migodi ya shaba ya Katanga ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, na gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, likawa chombo cha jioni baada ya kazi. Lilibebeka begani, na nyuzi zake ziliweza kuiga likembe, ala ndogo ya vidole gumba ambayo wengi walikwisha kuizoea tangu vijijini.

Huko ndiko alikotokea bingwa wa kwanza wa ubishi huu. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya zamani ya Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi na kuanzisha himaya ya Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi nyimbo kadhaa ukiwamo Masanga. Rekodi hiyo ilimpatia Mwenda tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Baadaye mtaalamu wa muziki David Rycroft aliuandika muziki wake kwa nota, pigo kwa pigo, na kuuchapisha katika jarida la kitaaluma. Ni wapiga gitaa wachache wa Kiafrika waliokuwa wamechunguzwa hivyo.

Mkono wa kulia wa Mwenda ndio ulioleta yote hayo. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, kikienda na kurudi kama hatua za mtu, huku kidole cha shahada kikitoa sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Viwili hivyo havikwenda sambamba: cha shahada kiliangukia katikati ya mapigo ya gumba, mara kikihesabu tatu mahali gumba lilipohesabu mbili. Anayesikiliza bila kumwona mpigaji hudhani watu wawili wameketi pamoja. Kipimo cha ubingwa wakati ule kilikuwa hicho: mtu mmoja ajaze nafasi ya kundi zima.

Kutoka Katanga mtindo huo ulihamia Nairobi, ambako kampuni za santuri na matangazo ya redio viliuhitaji. Mwenda mwenyewe alikaa huko kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndugu yake Edouard Masengo naye akaja na kupendwa. Kenya tayari ilikuwa na wapiga gitaa wake. Fundi Konde, aliyezaliwa pwani mwaka 1924, alikuwa amewatumbuiza askari wa Kiafrika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na santuri za muziki wa Kuba zilikuwa zikiuzwa mjini tangu miaka ya 1930. Huko Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliikuza omutibo, namna ya kupiga gitaa ambayo sauti ya juu hukimbia na sauti ya chini kujibu, huku mwenzake akigonga na kukwaruza chupa ya soda kushika mapigo. Wajaluo nao walihamishia kwenye gitaa mchezo wa vidole wa nyatiti, zeze lao la nyuzi nane, na hapo ikazaliwa benga ambayo D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania, aliisambaza na bendi yake ya Shirati Jazz.

Wakati mafundi wa gitaa kavu wakitamba mashariki, Léopoldville ilikuwa inabadilisha chombo chenyewe. Mwaka 1948 mwimbaji Wendo Kolosoy alirekodi wimbo Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyeupa umbo sebene, yaani sehemu ambayo mwimbaji hunyamaza na gitaa hushika usukani huku wachezaji wakijimwaga. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme katika studio ya mji huo. Kipaza sauti kilibadili mahitaji ya kazi. Mpigaji hakulazimika tena kujaza kila nafasi peke yake. Noti moja tu, ikivutwa vizuri, iliweza kuufikia ukumbi mzima. Emmanuel Baroza, aliyejulikana kama Tino, alionyesha katika bendi ya African Jazz jinsi gitaa la solo linavyoweza kusimama mbele kama mwimbaji wa pili.

Hapo ndipo ubishi mkubwa kuliko wote ulipozaliwa. Franco alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, akajifunza kwenye gitaa la kujitengenezea kwa kopo na nyaya, chini ya jicho la Paul Ebengo Dewayon. Akiwa na miaka 15 tu aliingia studio ya Loningisa, na Juni 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz. Nico alizaliwa mwaka 1939 Mikalayi, Kasai. Alisoma shule ya ufundi, kisha akachukua nafasi ya solo katika African Jazz ya Joseph Kabasele. Januari 1960 alikwenda Brussels na bendi hiyo wakati wa mkutano wa kuamua uhuru wa Kongo, na kutoka safari hiyo ukatokea wimbo Indépendance Cha Cha. Mwaka 1963 aliondoka pamoja na mwimbaji Tabu Ley wakaunda African Fiesta; mwaka 1965 wakatengana, naye akabaki na African Fiesta Sukisa.

Tofauti ya wawili hao ilisikika hata kwa asiyejua muziki. Franco alinyofoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa gumba na kidole cha shahada, sauti ikatoka nene na kavu, na kifungu kimoja kifupi akakirudia hadi kikawa kama ngoma. Wapenzi wake walimwita mchawi wa gitaa. Nico alichagua njia ya mstari mrefu: noti safi moja baada ya nyingine, zikipanda na kushuka kwa mpango, akisaidiwa na kaka yake Charles Mwamba, maarufu kama Dechaud, aliyempangia kitanda cha sauti nyuma yake. Katika baadhi ya rekodi alipiga gitaa la Kihawaii, ambalo sauti yake huteleza badala ya kukatika. Wapenzi wake wakampa cheo cha Daktari. Wanamuziki wa Kongo wakagawanyika katika shule mbili, ile ya OK Jazz na ile ya African Jazz, na mpiga gitaa kijana aliulizwa kwanza yuko upande gani.

Katika bendi za shule zote mbili, kazi ya gitaa ilikwisha kugawanywa. Rithimu hushika msingi wa wimbo na kuurudia bila kuchoka. Solo la pili hufuma vifungu vifupi kati ya rithimu na solo. Besi husukuma wachezaji kutoka chini. Solo huja juu ya wote, na hupendeza kwa kadiri ile tu wenzake wanavyokaa mahali pao. Ndiyo maana wanamuziki wenyewe, tofauti na mashabiki, mara nyingi humtaja mpiga rithimu kwanza. Simaro Lutumba alikaa kwenye rithimu ya OK Jazz kwa miaka mingi, na Professa Omari Shabani wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, aliifanya rithimu ya wimbo Sina Makosa itambulike kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Tanzania iliuendeleza ubishi kwa namna yake. Morogoro peke yake ilikuwa na mahasimu wawili: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambayo mwaka huo huo wa 1965 ilimpokea kijana Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alitunga, akaimba na kupiga solo mwenyewe, mzigo ambao Kinshasa mara nyingi uligawiwa watu tofauti. Mwaka 1970 alikwenda na bendi yake kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Solo lake lilijibizana na sauti yake mwenyewe: likimaliza sentensi aliyoiacha njiani, au likimwuliza swali kabla ya ubeti. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Mazingira ya kazi yalimfanya mpiga gitaa wa Tanzania kuwa mtu wa kuhamahama. Bendi nyingi zilimilikiwa na jeshi, polisi, chama cha wafanyakazi au mashirika ya umma, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyehama aliacha gitaa nyuma. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi na kurusha nyimbo nyingi, kwa hiyo wasikilizaji wa Kigoma na Lindi walibishana juu ya wapigaji waliowasikia tu bila kuwaona. Mwaka 1978 ilipoundwa Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde, dhidi ya bendi ya wafanyakazi iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma, ubishi wa nani anapiga ukawa sawa na ubishi wa Simba na Yanga. Wakongo nao walikuwa wamehamia Dar es Salaam: bendi ya Maquis ilikuwa na Nguza Viking, na bendi ya Makassy ilimpata Mose Fan Fan, aliyetoka kwa Franco mwenyewe na akafariki Nairobi mwaka 2019.

Huko Kinshasa nako, bendi ya Zaiko Langa Langa, iliyoundwa mwaka 1969, iliondoa tarumbeta na saksofoni na kulipa gitaa nafasi yote. Kizazi hicho kilipofika Paris miaka ya 1980, sebene lilisogezwa mwanzoni mwa wimbo na kukimbizwa. Diblo Dibala, akipiga na Kanda Bongo Man, aliitwa bunduki ya rashasha, na kasi ikawa hoja mpya mezani. Hata hapo, aliyekaa nyuma ya solo alihesabiwa: Lokassa ya Mbongo alijenga jina lake lote kwa rithimu.

Ukiyapanga majina haya pamoja, hukumu inawezekana, mradi swali litajwe kwanza. Kwa mtu mmoja na gitaa moja, Mwenda hajapata wa kumzidi katika eneo hili. Kwa usafi wa solo, Nico. Kwa kulifanya gitaa lizungumze na mwimbaji, Mbaraka. Na kwa athari iliyoenea kwa wapigaji wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kiti ni cha Franco, aliyeiongoza bendi moja kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989.