Bakuli la Chokaa

Kipimo kilichukua dakika kumi. Tone la damu, tone la maji ya dawa, kisha kusubiri. Daktari wa mifugo alikiweka kile kikasha cha plastiki mezani katikati yetu, tukawa tunakitazama bila kuongea. Mstari wa kwanza ulijitokeza. Baadaye ukaja wa pili, mwembamba, lakini upo.

Yeyote aliyewahi kupima VVU anaijua ile mistari miwili. Safari hii aliyepimwa alikuwa amejikunja ndani ya kikapu cha ukindu, akilamba mguu wake.

Nilimwokota Chokaa Maili Moja, Kibaha, nyuma ya meza za wauza samaki. Alikuwa mweupe, sikio moja limechanika, fizi zimepauka, mbavu unazihesabu. Nilimpeleka Dar es Salaam atibiwe kidonda cha shingoni, nikarudi na jina la ugonjwa: lukemia ya paka.

Daktari alinieleza taratibu. Virusi vyake hukaa kwenye mate. Paka huambukizana kwa kulambana, kung'atana na kula bakuli moja, na mama humwambukiza mtoto. Binadamu havimpati, wala mbwa. Nje ya mwili havidumu, na sabuni huviua. Kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, maana wapo paka ambao miili yao huvishinda. Asipovishinda, anaweza kuishi miaka miwili, mitatu, pengine zaidi akitunzwa.

"Ila asikae na paka wengine," alisema. "Na kama huna kabisa pa kumweka, tunaweza kumlaza asiteseke. Fikiria."

Sikuwa na pa kumweka. Nimepanga chumba kwenye nyumba yenye ua mmoja, na mama mwenye nyumba ana paka wanne wanaokula kwenye sinia moja. Nilimfungia Chokaa chumbani, nikaanza kupiga simu.

Usiku, simu zikikwama, nilisoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, William Jarrett, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alisikia habari za nyumba moja ambamo paka walikuwa wakifa kwa saratani, mmoja baada ya mwingine. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba saratani ya mnyama kama paka inaweza kuambukizwa. Jarrett na wenzake walitazama uvimbe wa paka kwa darubini ya elektroni, wakaona vijipande vinavyofanana na virusi. Walichapisha habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1964. Baadaye ilibainika kwamba virusi hivyo haviishii kwenye saratani. Hudhoofisha kinga ya mwili, na paka akafa kwa maradhi ambayo paka mzima angeyashinda.

Miongoni mwa waliovichunguza alikuwemo Max Essex wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, naye pia amesomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1981, taarifa zilipoanza kutoka Marekani za vijana waliopoteza kinga ya mwili bila sababu kujulikana, Essex alikuwa na paka wake wa maabara wa kulinganisha nao. Yeye na Robert Gallo walikuwa kati ya wa mwanzo kushuku kwamba chanzo ni kirusi cha jamii ileile, inayojiandika ndani ya vinasaba vya seli na kukaa humo. Mwaka 1983, watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walikipata.

Mwaka huohuo wa 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kufikia 1986, kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Pwani, mkoa wetu, ukiwemo.

Mchana niliendelea na simu. Rafiki mmoja alicheka: "Kwa hiyo una paka mwenye ngoma?" Mfanyakazi mwenzangu alikubali, na jioni akatuma ujumbe kwamba mumewe anaogopa watoto wataambukizwa. Nikamweleza tena. Akajibu, "Najua, lakini hujui mambo yatakavyokuwa." Mwingine alikuwa radhi kabisa, ila ana paka watatu. Kuna niliyemficha ugonjwa mwanzoni, nikaona haya, nikampigia kumwambia. Hakupokea tena simu zangu.

Siku ya tisa nilimpigia shangazi yangu anayeishi Kisarawe. Sikupiga kwa ajili ya paka. Nilitaka kumsalimu, yakanitoka yote.

"Umesema anatengewa bakuli?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi. Ni mate."

Alinyamaza kidogo. "Mlete."

Kibaha na Kisarawe ni wilaya za mkoa mmoja, lakini kwa daladala unapitia Dar es Salaam. Nilibadilisha magari Mbezi na Gongo la Mboto, kikapu mapajani, kanga juu yake. Konda wa gari la mwisho aliuliza kama nimebeba kuku. Nikasema ndiyo. Gari lilipopanda vilima vya Pugu, kuku wangu akalia nyau, abiria wakacheka, nami nikacheka nao huku jasho likinitoka.

Shangazi alikuwa ameshamwita fundi akabana wavu kwenye madirisha, paka wa jirani wasiingie na huyu asitoke. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akamfungulia Chokaa kikapu. Paka akakimbilia uvunguni. Shangazi akaketi mkekani, ndipo akanieleza kisa ambacho nyumbani kwetu hukisikii.

Baba mdogo, mdogo wake, alifia katika nyumba ile mwaka 1994. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilichojua ni kwamba alifariki kwa kifua. Shangazi ndiye aliyemuuguza. Alimfulia, akamgeuza kitandani, akamkanda miguu. Lakini palikuwa na kikombe cha bati ambacho alikipaka rangi ya kucha mkononi, nyekundu, ili watoto wasije wakakinywea. Redio ilikuwa imeshasema kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa vyombo.

"Niliisikia," alisema. "Nikasema, redio haina watoto."

Baba mdogo aliiona ile rangi. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo akawa anaomba maji pale tu ambapo hakuna mgeni.

Nimekifikiria sana kile kikombe. VVU haviambukizwi kwa kikombe. Virusi vya Chokaa huambukizwa kwa bakuli. Ni jamaa, na woga tulionao juu yao ni mmoja, lakini hiki anachotendewa paka leo kwa haki, baba mdogo alitendewa bila sababu. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti UKIMWI, inayokataza unyanyapaa, na mwaka huohuo sheria ya ustawi wa wanyama. Zote mbili zilichelewa kufika kwenye kile chumba. Hata dawa za kupunguza makali, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, zilikuja miaka kumi baada yake.

Nilimuuliza shangazi kama amemchukua paka kwa sababu ya baba mdogo. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

"Paka ni paka," alisema. "Ndugu yangu hakuwa paka. Nimemchukua kwa sababu umesema hana pa kwenda, na mimi nyumba yangu ina panya."

Baada ya wiki kumi na mbili tulirudia kipimo. Mistari ilikuwa miwili. Daktari akamhasi, akatuambia tusimpe nyama mbichi, na tukimwona amepoa au hali, tusingoje.

Hivi sasa umetimia mwaka na miezi miwili. Ameshaumwa mara mbili, ya pili tukadhani anaondoka. Bado sikio limechanika, ila mbavu hazionekani. Bakuli lake ni la plastiki, la bluu, halina alama yoyote. Shangazi huliosha karoni pamoja na vyombo vingine, kwa sabuni ileile, kwa kuwa humo ndani hakuna paka mwingine wa kumwogopea.

Kila jioni mimi hupiga simu. Kabla sijamaliza salamu, shangazi huwa ameshanijibu swali ambalo sijauliza.

"Amekula," husema.