Kutoka Boriti hadi Mazingira: Historia Fupi ya Msamiati wa Mikoko

Mara nyingi hudhaniwa kwamba Kiswahili kilianza kuzungumzia uharibifu wa maumbile pale tu kilipolazimika kutafsiri maneno ya wataalamu wa kigeni. Dhana hii ina kosa. Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na msamiati mpana wa misitu ya maji ya chumvi karne nyingi kabla ya neno mazingira kusikika katika hotuba za viongozi. Ila msamiati huo ulikuwa wa namna mbili, na tofauti baina ya namna hizo ndiyo kiini cha makala haya.

Namna ya kwanza ni msamiati wa mti uliosimama. Wenyeji wa Lamu, Gazi na delta ya Rufiji hutofautisha mkoko wenye mizizi ya magongo, mkandaa, muia, mchu, mlilana na mkomafi. Kila jina hubeba maarifa yake. Mlilana husimama mbele, ukikabili bahari, na mbao zake hutengenezewa mataruma ya vyombo. Gome la mkandaa hutoa rangi nyekundu. Mkomafi hufaa kwa samani. Aliyeyajua majina aliijua na ardhi ya kila mti.

Namna ya pili ni msamiati wa mti ulioanguka. Hapa aina ya mti si kitu. Kipimo ni unene. Nguzo nyembamba kabisa ni fito, kisha huja pau, mazio, boriti, na nguzo zenyewe. Zote huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Msamiati huu ni mtoto wa biashara. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi yakileta tende na kurudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, kwani nchi zile hazikuwa na miti ya kujengea. Mwaka 1939 mwandishi na baharia Alan Villiers, akiwa ndani ya chombo cha Kuwait, alishuhudia shehena kama hiyo ikipakiwa Rufiji. Hata upana wa vyumba katika majumba ya mawe ya Lamu na Unguja ulifuata urefu wa boriti.

Yafaa kuzingatia athari ya msamiati huu wa pili. Pau ni boriti ambayo haikuachwa ikue. Lakini sokoni pau ni bidhaa kamili, yenye jina na bei yake. Lugha iliupa kila umri wa mti sababu ya kukatwa. Miti iliyonyooka ikaondolewa, iliyopinda ikabaki kuotesha mbegu. Serikali ya kikoloni nchini Kenya iliitangaza misitu hiyo kuwa hifadhi mwaka 1932, lakini hifadhi ya aina hiyo ilikuwa usimamizi wa ukataji, wala si ukomo wake. Usafirishaji wa nguzo nje ya Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1982.

Ama msamiati mpya, huo uliingia kwa mlango mwingine. Baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972, Nairobi ilichaguliwa kuwa makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Neno mazingira, lenye asili katika kitenzi zinga, yaani zunguka, likapata uzito wa kiserikali. Likaandamana na uhifadhi, uchafuzi na maliasili. Maneno haya yana manufaa makubwa: yamewezesha sheria kutungwa na wananchi kudai haki. Hata hivyo, maliasili bado ni mali, na kinachozinga humweka binadamu katikati.

Lililo zito zaidi ni kwamba msamiati mpya umekusanya miti yote sita chini ya jina moja, mikoko. Katika hotuba hakuna hasara. Katika matope, hasara ipo: anayehimizwa "kupanda mikoko" huelekea kupanda mkoko peke yake, kwa kuwa mche wake hupatikana kwa urahisi, hata mahali palipokuwa pa mlilana, na mche huo hufa. Huko Gazi, ambako upandaji wa kitaalamu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, mafanikio yametegemea kujua mti upi uwekwe wapi.

Wahenga walisema mkoko unaalika maua, na leo msemo huo hutumiwa na wengi wa bara ambao hawajapata kuuona mti wenyewe. Msemo waweza kuishi bila mti, maarifa hayawezi. Kwa hiyo wajibu wa mwanaleksikografia haukomei katika kubuni istilahi. Kamusi inayofasili mchu kuwa "aina ya mti wa pwani" imekata kitu. Iandike mti huo huota wapi, una mizizi gani, na wenyeji huufanyia nini, ili msamiati wa mti uliosimama usipotee kabla ya mti wenyewe.