Utatuzi wa milinganyo ya mstari kwa grafu

Utatuzi wa milinganyo ya mstari kwa grafu ni njia ya hisabati ya kutafuta namba zinazotosheleza milinganyo miwili kwa pamoja, kwa kuichora kama mistari kwenye mihimili ya x na y. Msingi wake ni jiometri ya jira, iliyoanzishwa katika karne ya 17 na Wafaransa René Descartes na Pierre de Fermat.

Kila nukta iliyo juu ya mstari ina jira zinazotosheleza mlinganyo wa mstari huo. Iliyo nje haitoshelezi. Kwa hiyo mistari miwili inapokatana, nukta ya makutano hutosheleza milinganyo yote miwili. Kwa mfano, x + y = 5 hupita kwenye (0, 5) na (5, 0), na 2x − y = 1 hupita kwenye (0, −1) na (1, 1). Inakatana kwenye (2, 3), yaani x = 2 na y = 3. Nukta mbili zinatosha kuchora mstari, lakini ni vema kutafuta ya tatu: isipokaa kwenye mstari, kuna kosa mahali fulani.

Mistari ya x + y = 5 na x + y = 4 ina mteremko mmoja, −1, lakini hukata mhimili wa y mahali tofauti. Ni sambamba, haikutani, na hakuna jibu. Mlinganyo 2x + 2y = 10, kwa upande mwingine, ni x + y = 5 uleule kwa sura nyingine. Hapo majibu hayana mwisho, ingawa si kila jozi ya namba ni jibu, kama wanafunzi wengi wanavyodhani: (1, 4) ni jibu, (1, 1) siyo.

Udhaifu wa grafu ni kutegemea macho. Kwa x + y = 5 na 5x − 2y = 1, msomaji huona karibu x = 1.6 na y = 3.4. Akizirudisha kwenye mlinganyo wa pili anapata 1.2 badala ya 1, kwa sababu majibu kamili ni 11/7 na 24/7.

Mistari inayokaribia kuwa sambamba ni hatari zaidi. Milinganyo x + y = 5 na x + 1.01y = 5.02 ina jibu (3, 2). Badili 5.02 iwe 5.03, na jibu linahamia (2, 3). Kwenye karatasi mistari hiyo huonekana kama mmoja, na penseli butu yatosha kumpoteza mchoraji.

Vigeu vikiwa vitatu, kila mlinganyo huwa bapa. Mabapa matatu yanaweza kukatana mawili mawili, kama pande mbili za hema na sakafu yake, bila kuwa na nukta hata moja ya pamoja.