Neno la Mlalamishi Katika Mahakama za Nairobi

Machi 1907, mbele ya jengo la mahakama la Nairobi, mlowezi Ewart Grogan na wenzake waliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, kwa madai kwamba waliwakosea heshima wanawake wawili Wazungu. Hakimu aliyejaribu kuwazuia hakusikizwa, na Grogan alipohukumiwa alipewa kifungo cha mwezi mmoja. Hofu ya walowezi kuhusu wanaume Waafrika haikuisha. Mwaka 1926 koloni ilipitisha adhabu ya kifo kwa ubakaji, na sheria hiyo ilizaliwa na hofu hiyo hiyo. Neno la mwanamke katika mji huo halikuhitaji kuungwa mkono na chochote, mradi yeye awe Mzungu na anayetuhumiwa awe Mwafrika. Naanza na kisa hiki, ingawa hakikuwa cha ubakaji, kwa sababu miaka iliyofuata majaji wa nchi hii walifundishwa kwamba uzoefu wa binadamu umeonyesha wanawake na wasichana husema uongo kuhusu mambo haya. Historia ya mji wenyewe inaonyesha kwamba kilichopimwa mara nyingi hakikuwa ushahidi, bali hadhi ya mtoa ushahidi.

Kanuni yenyewe ilitoka Uingereza. Jaji Matthew Hale, aliyefariki 1676, aliacha maandishi yanayoonya kwamba shtaka la ubakaji ni rahisi kulileta na gumu kulikanusha, na onyo hilo lilisafiri na mawakili hadi kila koloni. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru. Kifungu chake cha 143 kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo, lakini kifungu cha 124 kilikataza mtu kutiwa hatiani kwa neno la mtoto mdogo peke yake. Kwa wanawake watu wazima, majaji waliongeza sharti lao wenyewe: kabla ya kumwamini mlalamishi asiye na ushahidi wa kumuunga mkono, jaji alipaswa kujionya kuhusu hatari ya kufanya hivyo. Hukumu ya Kenya iliyoripotiwa mwaka 1970 ilirudia karibu neno kwa neno yaliyokuwa yamesemwa London miaka michache kabla, kwamba hadithi hizi hutungwa kwa kila aina ya sababu, na pengine bila sababu yoyote. Hivyo mwenye duka wa River Road aliyeibiwa aliweza kusikizwa kama shahidi mwingine yeyote, ilhali mwanamke aliyebakwa barabara hiyo hiyo alianza kusikizwa akiwa tayari ameshukiwa.

Watetezi wa kanuni hiyo hawakuwa watu wabaya wote, na hoja yao inastahili jibu. Walisema kosa hili hutendwa faraghani, mara nyingi hakuna shahidi wa tatu, na asiye na hatia huenda akaozea jela. Hofu ya kumfunga asiye na hatia ni ya haki. Lakini wizi wa usiku nao hutendwa faraghani, na hakuna aliyedai wenye mali wote washukiwe. Zaidi ya hayo, anayeshikilia kwamba shtaka hili ni rahisi kulileta hebu aifuate njia ya mlalamishi wa Kibera: kuandikisha taarifa kituoni mbele ya askari asiowajua, kupimwa mwili, kutafuta fomu ya polisi ya kurekodi majeraha, iitwayo P3, na mtu wa kuijaza, kisha kuulizwa maswali na wakili mbele ya mshtakiwa ambaye huenda ni jirani au mjomba. Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilipofunguliwa Hurlingham mwaka 2001 na kuanza kuwatibu waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, ilileta nafuu kubwa katika hatua moja ya safari hiyo. Hatua nyingine zilibaki.

Mabadiliko ya sheria yalikuja kwa kasi mara yalipoanza. Neno jinsia liliingizwa mwaka 1997 katika kifungu cha Katiba ya zamani kilichokataza ubaguzi, na Januari 2003 Mahakama ya Rufani ilikitumia kifungu hicho kutangaza kwamba kudai ushahidi wa ziada kwa sababu tu mlalamishi ni mwanamke au msichana ni kinyume cha Katiba. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha kifungu cha 124: katika kesi ya kosa la kingono, neno la mtoto aliyetendewa linaweza kutosha, iwapo hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake katika kumbukumbu za kesi. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mswada wa mbunge mteule Njoki Ndung'u. Kifungu chake cha 31 kinamruhusu hakimu kumtambua mtoto, mlalamishi au mtu mwenye ulemavu wa akili kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, atoe ushahidi nyuma ya pazia au kupitia mtu wa kumsemea. Bunge halikuipitisha bila gharama. Wakati wa mjadala mbunge mmoja alidai kwamba mwanamke Mwafrika akisema hapana huwa anakubali, na wabunge wanawake wakatoka nje. Sheria iliyopitishwa ilibeba kifungu cha 38, kilichotishia kumwadhibu mlalamishi mwongo kwa adhabu ile ile ya kosa alilolidai. Shaka ya Hale, iliyofukuzwa mlango wa mbele, ilikuwa imerudishwa kwa mlango wa nyuma, na ilichukua miaka kabla ya kifungu hicho kufutwa.

Pingamizi zito zaidi leo linahusu watoto. Kifungo cha maisha kinamngoja anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Je, inafaa mtu afungwe maisha kwa neno la mtoto wa miaka saba, ambaye huenda amefundishwa la kusema na mzazi mwenye kisasi? Watoto hufundishwa uongo, na asiyekiri hilo hajasikiliza kesi za ugomvi wa familia. Lakini sheria haikumwambia hakimu amwamini mtoto. Ilimwambia apime neno lake kama lilivyo, kisha aandike kwa nini limemridhisha. Naamini sehemu hii ya kuandika sababu ndiyo moyo wa mageuzi yote, kwa kuwa sababu zilizoandikwa husomwa na jaji wa rufaa na hupingwa na wakili wa mshtakiwa, jambo ambalo haliwezekani kwa onyo la jumla kuhusu kundi zima la watu. Hakimu anayeandika kwamba mtoto alieleza tukio kwa maneno ya umri wake, kwamba alimtaja mtu huyo huyo kwa mwalimu siku ya pili na kwamba hakuyumba alipohojiwa, amempa mshtakiwa kitu cha kukishambulia. Na wapo walioachiliwa na mahakama za juu kwa sababu hakimu hakuandika chochote cha maana. Anayetetea walalamishi hana haki ya kulalamika hapo.

Utaratibu wa zamani wa kumhoji mtoto kabla ya ushahidi, ajulikane kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli, ulikuwa na nia njema, ila kwa muda mrefu uligeuka mtego. Rufaa zilishinda si kwa sababu mtoto alidanganya, bali kwa sababu hakimu hakunukuu maswali na majibu ipasavyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilisema kasoro hiyo peke yake haibatilishi kesi lazima, bali kila kesi itazamwe kwa hali yake. Huo ni mwelekeo ule ule: macho yarudi kwenye ushahidi.

Sharti la ushahidi wa daktari nalo lililegezwa. Mahakama imekwisha kusema kwamba ubakaji waweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo au wa mazingira hata bila ripoti ya matibabu, na ilikuwa lazima iseme hivyo, maana mtoto anayesema baada ya miezi mitatu hana jeraha la kuonyesha.

Hata hivyo kanuni hizi zote huanza kazi faili ikishafika mahakamani. Mwaka 2013 manusura 8 wa ukatili wa kingono wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, pamoja na mashirika ya haki, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza. Hukumu ilitolewa Desemba 2020, miaka 7 baadaye, na manusura 4 wakapewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wengine wanne hawakupata, na sababu kubwa ilikuwa kwamba hawakuwa wamepiga ripoti kwa polisi. Walitakiwa wawe wamekwenda vituoni katika wiki ambazo polisi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliotuhumiwa.