Jiwe la Mizani na Mshipa wa Bandia

Mkulima wa Madibira hahitaji kufundishwa maana ya kipimo. Mpunga wake hunyweshwa maji ya mto Ndembera kwa mifereji, na ukishavunwa ndipo ubishi huanza: tuuze kwa lumbesa au kwa mizani? Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, na mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Vipimo. Mkaguzi haendi sokoni mikono mitupu. Hubeba jiwe ambalo uzito wake unajulikana, akaliweka juu ya mizani. Mizani ikisema uongo, huumbuka papo hapo.

Swali langu wiki hii ni hili: mashine inayopima mshipa wa damu wa ubongo hukaguliwa kwa jiwe gani?

Mwaka 1927, mjini Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alifaulu kupiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Alijaribu kwanza kwa maiti, kisha akaingiza dawa yenye iodini katika mshipa wa shingo wa mgonjwa na kupiga eksirei. Mwaka 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Basi picha ikapatikana. Kipimo kilichelewa.

Ushahidi ni wa mwaka 1991. Mwaka huo yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa aina mbili, mmoja wa Marekani na Kanada, mwingine wa Ulaya. Yote mawili yalionyesha kuwa mshipa wa shingo upelekao damu ubongoni ukiwa umeziba asilimia 70 au zaidi, upasuaji humwepusha mgonjwa na kiharusi. Lakini Wamarekani walilinganisha sehemu nyembamba na mshipa mzima ulio juu yake, na wa Ulaya wakalinganisha na upana waliokadiria kuwa ulikuwapo pale pale kabla ya kuziba. Hivyo mshipa ulioitwa asilimia 50 kwa hesabu ya kwanza uliweza kufika 70 kwa hesabu ya pili. Mgonjwa ni yule yule na picha ni ile ile, ila kisu kinategemea hesabu ya nani.

Ubishi wa hesabu humalizwa kwa makubaliano. Kosa la mashine yenyewe hutaka jiwe, nalo ndilo mshipa wa bandia. Wataalamu hutengeneza mrija wa silikoni, tuseme wa milimita 4, wakaubana mahali pamoja ubaki milimita 2. Ndani hupitisha maji yaliyochanganywa na gliserini yapate uzito kama wa damu, yakisukumwa na pampu idundayo kama moyo. Mrija huo hupigwa picha katika kila mashine. Mashine ikisoma milimita 3, hakuna mgonjwa wa kulaumiwa.

Jambo hili si la ughaibuni peke yake. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam, wakakuta kiwango cha Dar es Salaam kinazidi cha nchi nyingi tajiri. Mgonjwa wa Madibira anaweza kupigwa picha hospitali moja, kisha akapelekwa nyingine ya mbali. Zikitofautiana kwa milimita moja, yupi aaminiwe?

Tume ya Nguvu za Atomiki hukagua usalama wa mionzi, na ni jambo jema. Lakini mionzi kuwa salama si hoja ya kwamba upana wa mshipa umesomwa sawasawa. Mashine mpya inapozinduliwa sisi hupiga makofi na kuuliza bei yake. Naona tuulize pia imekaguliwa kwa nini, na lini. Mkulima akipunjwa kwa lumbesa, msimu ujao atavuna tena. Ubongo hauna msimu wa pili.