Nafuu Kuliko Nini?

Mgonjwa akiulizwa asubuhi anaendeleaje, naye akajibu "nimepata nafuu kidogo", hakuna anayedhani amepona. Anachosema ni kwamba maumivu ya leo yamepungua yakipimwa na ya jana. Neno nafuu lina jana ndani yake. Halisimami peke yake hata siku moja. Daima lina kitu cha pembeni linachojipima nacho, hata kama hakitajwi.

Nimelitafakari sana neno hili tangu siku niliyosimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Mwanza, nyuma ya mama mmoja mwenye begi kubwa na ndoo ya dagaa iliyofungwa kwa kanga. Kijana wa kaunta alipima vyote viwili, akataja kiasi cha kulipia. Mama akamtazama.

"Mwanangu, si mlisema bei nafuu?"

"Ndiyo mama. Nauli ndiyo nafuu. Mzigo unalipiwa wake."

"Nauli ndiyo nafuu," mama akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akafungua pochi, akalipa.

Kijana hakudanganya, na mama hakukosea. Wote wawili walitumia neno moja la Kiswahili sanifu, kila mmoja akiwa na lake moyoni. Istilahi, kwa asili yake, haitakiwi kutufanyia hivyo. Neno lenyewe limechipuka kwenye mzizi wa Kiarabu uliotupa pia suluhu na masilahi: istilahi ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Pale kaunta palikuwa na neno, mapatano hayakuwapo.

Magazeti yetu yana miundo miwili ambayo huibadilishana kana kwamba ni pacha: shirika la ndege la bei nafuu, na shirika la ndege la gharama nafuu. Si pacha. Bei humhusu mnunuzi, ndicho kinachomtoka mfukoni. Gharama, kwenye biashara, humhusu muuzaji: ndicho kinachomtoka yeye mpaka bidhaa ifike sokoni. Mwenye genge ana gharama za kuzitoa nyanya Ilula hadi Dar es Salaam, na ana bei anayomtajia mteja, wala hutamsikia akizichanganya. Watu wa usafiri wa anga wanapoyataja mashirika ya aina hii huwa wanasema habari ya gharama. Ni shirika lililobana matumizi yake lenyewe. Nauli kushuka ni tunda linalotarajiwa, tena kwa viti kadhaa, kwa siku kadhaa, kwa yule aliyewahi kununua. Ningekuwa na sauti pale Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ningeomba tuandike "shirika la gharama ndogo", na nafuu tuibakize kwenye nauli, mahali ambapo abiria anaweza kuipima mwenyewe.

Gharama hizo hupunguzwaje? Jibu lilipatikana Texas. Tarehe 18 Juni 1971 kampuni ya Southwest ilianza kurusha ndege kati ya Dallas, Houston na San Antonio, aina moja tu ya ndege, Boeing 737, ili fundi ajifunze injini moja, rubani ajifunze usukani mmoja, na stoo itunze vipuri vya namna moja. Mwaka uliofuata fedha zikawa finyu, ikabidi iuze ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Ratiba haikupunguzwa. Kilichobaki kilikuwa kuwahi: ndege itue, ishushe watu, ipakie wengine na iondoke ndani ya dakika 10.

Dereva wa daladala hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na anajua hesabu hiyo haipatikani kwa kumwongezea nauli abiria bali kwa kuongeza tripu. Gari likifika mwisho wa njia ni kugeuza hapo hapo. Nimeona wataalamu wakihangaika kutafuta istilahi ya muda ule ndege inapokuwa chini ikisubiri safari yake ya pili, wakaishia kwenye maelezo ya maneno sita au saba. Kugeuza kupo. Muda wa kugeuza. Kila mtu wa Mbagala atakuelewa.

Kutoka Texas fikra hiyo ilivuka bahari. Tarehe 10 Novemba 1995 kijana wa ukoo wa wenye meli, Stelios Haji-Ioannou, alianzisha easyJet kutoka Luton, kaskazini ya London, kwenda Scotland, nauli ya kwanza pauni 29, na namba ya simu ya kununulia tiketi ikachorwa kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa ndege ili wakala asiwepo katikati. Jina alilochagua ndilo linalonivutia. Neno easy la Kiingereza husema tu kwamba jambo si gumu. Habari ya bei halina. Lihamishie Kiswahili, linakuwa rahisi, na rahisi yetu inabeba yote mawili. Wenzetu Waarabu waliotukopesha wanalitumia kwa kitu kisicho ghali. Sisi tukalitanua mpaka likafika kwenye kazi, mtihani na maisha. Naamini waliolitanua waliona jambo la kweli: kwa mtu mwenye senti chache, kilicho ghali na kilicho kigumu ni kitu kimoja.

Mbona basi hatukuyaita mashirika rahisi? Kwa sababu rahisi, upande wa bei, imeanza kunuka uduni. Muuza viatu wa Kariakoo atakuita kwa bei poa, bei chee, hata bei ya kutupa, lakini ukimwambia viatu vyake ni vya rahisi umemtukana. Na hakuna anayetaka kukaa mita elfu kumi juu ya ardhi ndani ya kitu cha rahisi. Nafuu ina adabu. Inagusa bei bila kukigusa kitu chenyewe, na inakuja na joto la mgonjwa anayeanza kukaa kitandani. Ndiyo maana ikachaguliwa, na ndiyo maana inaumiza inapotumika vibaya.

Nafuu hiyo ya angani ilifika kwetu rasmi tarehe 29 Novemba 2012. Siku hiyo shirika la Fastjet liliruka kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege za Airbus A319 zenye viti 156, kasuku wa kijivu akiwa amechorwa kama nembo. Haji-Ioannou mwenyewe alikuwa na hisa ndogo ndani yake, na mkurugenzi wake mkuu, Ed Winter, alikuwa ametokea easyJet. Nauli ya chini ilitangazwa kuwa shilingi 32,000, kabla ya kodi.

Kabla ya kodi: maneno matatu mafupi ambayo kwenye bango huandikwa kwa herufi ndogo. Lakini tusiyafanye yafunike kilichotokea. Mwanza na Dar es Salaam zimetengana kwa zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma. Aliyezipita kwa basi anaijua ile saa ya alfajiri ya kuondoka, magoti yaliyobanwa, mtoto wa jirani aliyelala begani, na mwili unaodai siku nzima ya kupumzika baada ya kushuka. Ghafla ikawa saa moja na nusu hivi. Wauguzi, wanafunzi na wafanyabiashara wa samaki walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na kampuni ilijivunia hilo waziwazi. Nadhani ilikuwa na haki ya kujivunia.

Hapo ndipo swali la mgonjwa linaporudi: nafuu kuliko nini? Aliyezoea ndege alijipima na nauli alizozizoea za mashirika ya zamani, akaona nafuu kubwa. Aliyetoka kwenye basi alijipima na basi, na kwake kila nyongeza ilikuwa mpya, kuanzia kodi hadi ada ya begi, hata nauli ya teksi ya kumtoa uwanjani. Basi huishia stendi, mahali ambapo bodaboda zimejaa. Jana zao hazikuwa moja, na bango lilikuwa moja.

Kuna tendo moja ambalo mashirika haya yameliacha bila chombo chake. Tunasema kukata tiketi. Zamani karani alikuwa na kitabu, anaandika, anachana kipande, anakupa, nawe unakishika kama ushahidi wa safari. Siku hizi abiria analipa kwa simu, anapokea ujumbe wenye herufi na namba, na bado anampigia dada yake kumwambia "nimeshakata". Hakuna karatasi iliyochanwa popote. Ninapenda sana kwamba hatukuhangaika kulibadilisha. Kitenzi kimebeba desturi ambayo kifaa kimeiacha.

Kabla ya kasuku kulikuwa na namba. Fastjet ilijengwa juu ya mabega ya Fly540, kampuni iliyoanzia Kenya mwaka 2006, ambayo jina lake lilitokana na nauli: shilingi 5,540 za Kenya, Nairobi hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Shirika la ndege kujiita kwa nauli yake! Kwa mgeni ni ubunifu wa watu wa matangazo. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ni ukoo wa siku nyingi. Matatu, husimuliwa, iliitwa hivyo kwa sababu ya sarafu tatu za senti kumi alizotoa abiria wa Nairobi. Daladala iliitwa kwa sarafu ya shilingi tano iliyojulikana kama dala, ambayo ndiyo ilikuwa nauli. Nauli ikishapanda, jina hubaki likikumbuka. Hakuna leo anayevuka jiji kwa senti thelathini, lakini kila asubuhi maelfu wanapanda kumbukumbu ya senti hizo.

Kenya Airways, ilipoanzisha kampuni yake tanzu ya nauli za chini tarehe 1 Aprili 2014, ilichagua njia nyingine, salamu: Jambojet. Hapa mpenda lugha hukunja uso kidogo. Jambo ni shauri, tukio, hata tatizo, na ustaarabu wa salamu zetu uko kwenye ukanushi: hujambo, sijambo, hatujambo. Tunatakiana kutokuwa na jambo. Utalii uliukata ule mwanzo wa neno, ukabakiza mwili bila kichwa. Hata hivyo sitaki kulibeza jina ambalo mtoto wa Kisumu anaweza kulisoma angani bila kufundishwa. Katika anga lililojaa majina ya kigeni, hilo ni jambo, na safari hii nalisema kwa uzuri.

Msamiati wa msingi wa safari zetu za angani, ukiutazama kwa karibu, umelowa maji ya chumvi. Rubani alikuwa mtu wa meli kabla hajawa wa ndege; ndiye aliyejua miamba na mikondo, akakiongoza chombo mpaka bandarini. Abiria ametoka kwenye kuabiri, kusafiri kwa chombo majini. Nauli nayo ni ya bahari: Waarabu wanalo neno lake la karibu kwa malipo ya chombo, na nyuma yao Wagiriki wa kale waliita malipo hayo naulon. Kwenye jahazi nauli ilikuwa mapatano ya mdomo kati ya msafiri na nahodha, ana kwa ana, mizigo ikiwa imewekwa ufukweni ionekane. Kabla ya tanga kupandishwa kila mtu alijua analipia nini. Sisemi jahazi lilikuwa bora. Nasema neno lilizaliwa mahali palipo wazi, na lilikuwa limezoea kujumlisha ndoo ya dagaa.

Fastjet haikudumu Tanzania. Ilifika Johannesburg Oktoba 2013, ikaongeza Lusaka, Harare na Entebbe mwaka uliofuata, lakini gharama, zile za upande wa pili wa kaunta, hazikukubali kuwa ndogo. Viti 156 ni vingi kuvijaza kila siku kwenye njia ambazo watu wake wana kipato kidogo, na mapato yakiwa ya shilingi, mafuta na malipo ya kukodi ndege vilikuwa vya dola. Hesabu za mwaka zikaandikwa hasara baada ya hasara. Kampuni ikabadili uongozi mwaka 2016, ikaachana na Airbus, ikachukua Embraer zilizo ndogo zaidi. Air Tanzania nayo ilikuwa imefufuliwa kwa ndege mpya. Desemba 2018 mamlaka ya anga ilitoa kusudio la kufuta leseni, na kasuku akaacha kuonekana Dar es Salaam, ingawa Zimbabwe bado anaruka. Lilikuwa shirika la nauli nafuu kweli. La gharama ndogo halikuwahi kuwa, na kama lugha yetu ingezitenganisha istilahi hizo mbili tangu siku ya kwanza, tungeliona tatizo mapema, wakati wengi wetu tulikuwa tukishangilia bei.

Yule mama wa Mwanza nilikuja kukaa naye safu moja. Aliushika mkono wa kiti wakati wa kupaa, akauachia tulipofika juu ya mawingu, akatazama dirishani karibu njia nzima. Magurudumu yalipogusa ardhi ya Dar es Salaam alitoa simu ndani ya kanga. Kutua, kwa Kiswahili, ni kwa ndege wa mtini, ni kwa jua, na ni kwa mchukuzi anayeuteremsha mzigo kichwani.

"Nimetua, mwanangu," akasema kwenye simu. "Mimi nimetua. Mzigo bado."